Lita mbili na lita ishirini: kisa cha karakana ya losheni Kariobangi

Karakana yenyewe iko ghorofa ya kwanza huko Kariobangi Light Industries, Nairobi, juu ya fundi wa kuchomelea mageti. Hutengeneza bidhaa mbili tu: losheni ya mwili yenye mafuta ya shea, na siagi ya shea iliyopigwa ikawa laini ya kupaka. Mwenye kazi ni mama aliyeanzia jikoni kwake Umoja, wateja wa kwanza wakiwa majirani na wenzake wa chama. Leo anauza kwa jumla kwenye maduka ya vipodozi katikati ya jiji, upande wa Dubois, na kuna mteja wa Mombasa anayetumiwa katoni kwa basi la usiku. Niliitwa nitoe maoni kuhusu mashine ambayo tayari alikuwa ameamua kuinunua.

Historia ya shida ni fupi. Alipokuwa akitengeneza lita mbili kwa blenda ya mkono, losheni ilitoka nyeupe na laini, ikakaa miezi bila kubadilika. Oda zilipoongezeka, alizidisha kila kitu mara kumi. Fomula ilikuwa imeandikwa kwa asilimia, kwa hiyo hesabu haikuwa na kasoro: maji, mafuta, nta ya kuunganisha hayo mawili, gliserini, kihifadhi, vyote vilipimwa kwa mizani. Kilichobadilika ni sufuria. Blenda nayo ilipoanza kutoa harufu ya waya unaoungua, ikaachwa, na mahali pake ikaja drili iliyofungwa pangaboi la kuchanganyia rangi.

Hapo ndipo malalamiko yalipoanza kumiminika. Maduka yalirudisha chupa zenye maji chini na utando mzito juu. Wateja walidai chupa hazijai. Siagi ya shea ikawa na chembechembe zinazohisiwa kwenye vidole kama mchanga laini. Mama alijumlisha yote matatu akapata jibu moja: nguvu ya kuchanganya haitoshi. Kwenye simu alikuwa na picha ya mashine kutoka China, mtungi wa chuma cha pua wa lita 20 wenye kichwa cha kasi chini, mfuniko unaobanwa, na pampu ya kunyonya hewa. Muuzaji alikuwa amesisitiza namba moja tu, ile ya mizunguko kwa dakika, na kwa maoni yangu katika karatasi nzima ya maelezo hapakuwa na namba yenye faida ndogo kwake kuliko hiyo.

Malalamiko matatu, vyanzo vitatu

Tuanze na maji yaliyojitenga. Losheni ya aina hii ni matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, kila tone likiwa limevikwa utando wa ile nta ya kuunganisha. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo matone hupanda juu polepole. Kasi ya kupanda hufuata mraba wa ukubwa wa tone. Ndiyo kanuni ya Stokes, mwanafizikia wa karne ya 19. Kipenyo kikipungua kwa nusu, kasi inabaki robo. Kikipungua mara kumi, inabaki sehemu moja ya mia. Homojenaiza nzuri, yaani mashine ya kupasua matone kama ile ya kwenye picha, huleta matone ya maikroni chache (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), moja hadi tano hivi. Pangaboi la rangi huacha matone makubwa zaidi ya hayo kwa mbali, tena yasiyolingana, na hiyo tu yatosha kueleza kwa nini losheni iliyokaa miezi sasa inajitenga dukani.

Hapa lakini kuna jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Kinachopasua matone ni kasi ya ncha ya kile kinachozunguka, na kasi hiyo hutegemea kipenyo pamoja na mizunguko. Kisu cha blenda chenye kipenyo cha milimita 40 kikizunguka mara 12,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda mita 25 kwa sekunde. Rota ya mashine, yaani sehemu inayozunguka ndani ya kichwa cha kasi, yenye kipenyo cha milimita 50 kwa mizunguko 3,600 inafikisha mita 9.4 tu. Kwa hesabu hiyo, blenda ya jikoni inaishinda mashine ya maelfu ya dola! Lakini ndani ya jagi la lita mbili, losheni yote hupita kwenye kisu mara nyingi ndani ya dakika chache. Ndani ya sufuria ya lita ishirini, blenda hupiga kilicho karibu nayo na kuacha pembeni kukiwa kumetulia. Ubora wa mashine hauko kwenye mizunguko. Uko kwenye stata, yaani ule mzingo wenye matundu unaoizunguka rota kwa mwanya usiofika milimita moja, ambao mchanganyiko hulazimika kupenya. Na uko kwenye nanga, mkono mpana unaozunguka taratibu ukikwangua ukuta wa mtungi na kuleta kila kitu kwenye kichwa hicho kwa zamu.

Lalamiko la pili, chupa zisizojaa, halihusiani na ukubwa wa matone hata kidogo. Drili huchimba kimbunga katikati ya sufuria, na kimbunga huvuta hewa. Losheni ikishashika mnato, hewa hiyo haina njia ya kutoka kwa haraka. Chupa inajazwa hadi shingoni, inafika dukani, mapovu yanapanda kidogo kidogo, na baada ya wiki mbili losheni imeshuka kidole kizima. Chukua chupa ya mililita 250: hewa ikiwa sehemu moja ya kumi, losheni yenyewe ni mililita 225. Lebo inasema 250. Mteja wa Nairobi anayelipa kwa simu hukumbuka deni la aina hiyo, na sheria ya vipimo nayo hukumbuka. Mapovu hayo pia hubeba oksijeni ndani kabisa ya bidhaa, na oksijeni ndiyo inayochachusha mafuta.

La tatu ndilo lililonivutia zaidi. Mafuta ya shea si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa mafuta yanayoganda kwenye nyuzijoto tofauti. Shea inayotoka kaskazini mwa Uganda, ambayo wauzaji wengi wa Nairobi ndiyo wanayoleta, ina asidi ya oleiki kwa wingi, hivyo ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Hata hivyo ndani yake kuna sehemu ngumu, zenye asidi ya steariki. Ukiyeyusha shea kisha ukaiacha ipoe polepole, sehemu ngumu zinaganda kwanza, zinapata muda wa kukua, na zile ndizo chembechembe. Ukiipoza haraka huku ikikorogwa, zinaganda zote pamoja zikiwa ndogo kiasi kwamba kidole hakizihisi.

Sasa angalia sufuria. Ujazo ulipozidi mara kumi, eneo la nje linalotoa joto liliongezeka mara 4.6 tu. Kila lita imebaki na chini ya nusu ya ngozi iliyokuwa nayo ya kupozea. Ongeza kwamba sehemu inayogusa ukuta huganda mapema na kuwa blanketi kwa kilichomo ndani. Jagi la lita mbili lilikuwa likipoa wakati mama anaosha vyombo. Sufuria ya lita ishirini ilikuwa ikipoa usiku kucha. Shea ilipata usiku mzima wa kujenga chembe zake, na hakuna kasi ya kisu inayoweza kuliondoa tatizo hilo.

Kwa hiyo shida moja ilihitaji kichwa cha stata, ya pili ilihitaji utulivu na mfuniko, ya tatu ilihitaji maji baridi. Mashine kwenye picha ilikuwa na uwezo wa yote matatu, ila yeye alikuwa akiinunua kwa ajili ya la kwanza, na hilo lingemfanya achague vibaya kwenye vipengele ambavyo muuzaji aliviita vya hiari.

Kilichobadilishwa kwenye oda

Tulimwandikia muuzaji tukisisitiza mambo ambayo hayakuwa kwenye tangazo. Kuta mbili za mtungi ziwe na mlango wa kuingizia maji baridi na wa kutolea, si kipasha joto peke yake. Nanga iwe na mota yake, isifungwe kwenye mota moja na kichwa cha kasi, kwa sababu saa ya kupoza ni nanga tu inayofanya kazi. Vikwangulio viwe vya plastiki ngumu inayoweza kung'olewa. Na kichwa cha kasi kiweze kufunguliwa kwa mkono, bila spana ya aina yake.

Umeme nao ulikuwa na neno. Jengo lina fezi moja tu, na mashine nyingi za aina hii huja na mota za fezi tatu. Zipo za volti 220, lakini hata hizo si za kuchomekwa popote. Kipasha joto cha kilowati tatu pamoja na mota ya kilowati moja na kitu kinavuta ampea kama 17, na soketi zetu za kawaida ni za ampea 13. Ililazimu waya wake wenyewe kutoka kwenye boksi la stima, na swichi yake. Kwa nguvu hiyo ya kupasha, kilo ishirini za maji na yale yaliyo kwenye kuta zinapanda kutoka nyuzi 20 hadi 75 kwa takriban dakika 40, muda unaotosha kupima viungo vya mafuta bila kukimbizana.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asiende Kamukunji atengenezewe mtungi. Swali zuri, na nililipima kwa uzito. Mafundi wa pale wanaweza kukunja na kuchomelea mtungi wa kuta mbili bila shida. Wasiwasi wangu ulikuwa kwa chuma na kwa mshono. Watu hujaribu chuma cha pua kwa sumaku, isiponasa wanaridhika. Lakini kuna aina za bei nafuu ambazo nazo hazinasi, na zikikutana na chumvi au asidi kidogo huanza kutoa kutu. Mshono wa ndani usiposuguliwa ukawa laini kabisa, losheni hujificha humo na kuoza. Kwa ndoo za kupashia maji, meza, na fremu ya kujazia chupa, alienda Kamukunji. Kwa kinachogusa losheni, hapana.

Nilimwambia pia kwamba angeweza kupata sehemu kubwa ya faida kwa pesa kidogo zaidi: homojenaiza ya kushika mkononi, kikorogeo cha polepole cha kusimama juu ya sufuria, na beseni kubwa la maji baridi la kutumbukizia sufuria hiyo. Hewa ingebaki shida kiasi, lakini chembechembe na kujitenga vingepungua sana. Alilifikiria, akakataa kwa sababu ambayo sikuweza kuipinga: wafanyakazi wake ni wawili, na sufuria ya kilo ishirini yenye joto la nyuzi 75 kubebwa na watu wawili kwenda kwenye beseni ni ajali inayosubiri siku.

Kitabu cha maelekezo na mwinuko wa Nairobi

Mashine ilipofika na kufungwa, bechi ya kwanza ilifuata kitabu cha maelekezo neno kwa neno. Awamu ya mafuta nyuzi 75, awamu ya maji nyuzi 75, changanya, washa kichwa cha kasi dakika kumi, kisha washa pampu hadi geji ya shinikizo isome −0.06, kwa megapaskali, huku mchanganyiko ukiwa bado moto. Ndani ya dakika moja losheni ilivimba, ikapanda hadi kwenye kioo cha mfuniko, na povu likaingia kwenye bomba la pampu. Fundi wa umeme aliyekuwa bado akikusanya waya zake alisema, "Mama, zima hiyo kitu," naye alishakuwa amezima.

Shutuma ya kwanza ilienda kwa nta ya kuunganisha, ya pili kwa muuzaji. Zote mbili hazikuwa na msingi. Geji ya pampu haisomi kiasi cha hewa kilichobaki ndani ya mtungi. Inasoma tofauti kati ya ndani na nje. Pwani, hewa ya nje ina shinikizo la kilopaskali 101. Nairobi, jiji lililo karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni kilopaskali 82 au 83. Geji ikisoma −0.06, yaani kilopaskali 60 zimeondolewa, Mombasa ndani ya mtungi hubaki kilopaskali 41, na kwenye shinikizo hilo maji huchemka nyuzi 77. Kariobangi hubaki 22 au 23, na hapo maji huchemka nyuzi 62 au 63. Losheni ya nyuzi 70 na kitu haikuwa ikitoa mapovu ya hewa. Ilikuwa inachemka.

Kitabu kiliandikwa na watu wa nchi tambarare, kwa viwanda vilivyo karibu na usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo hiyo, ile sehemu inayosema pampu nzuri hufikisha −0.09 haiwezi kutimia Nairobi hata kwa pampu bora duniani, kwa kuwa hewa ya kuondoa kiasi hicho haipo. Nimekutana na watu waliorudisha pampu nzima wakidai ni mbovu kwa sababu sindano ilikataa kuvuka −0.08.

Marekebisho yalikuwa rahisi kuliko maelezo yake. Pampu haiwashwi mpaka joto lishuke hadi nyuzi 55, na inaishia −0.05. Kwenye shinikizo hilo maji huchemka karibu nyuzi 70, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha. Joto likishuka hadi 50 wanaongeza hadi −0.06. Upande wa chini nao una mpaka: losheni ikifika nyuzi 45 au chini, imeshakuwa nzito na mapovu hayapandi tena hata ukivuta vipi. Dirisha la kazi ni nyuzi kumi tu, na nanga izunguke polepole muda wote huo. Manukato yanawekwa baada ya pampu kuzimwa, la sivyo pampu inayanyonya na karakana ya fundi wa mageti ndiyo inayonukia.

Mwinuko ulitufuata hata kwenye mota. Mota za kawaida hupangiwa uwezo wake hadi mita 1,000 juu ya bahari; juu ya hapo hewa ni nyepesi na haizipozi vizuri. Kwa kichwa cha kasi kinachofanya kazi dakika kumi kisha kinapumzika si jambo la kutisha, ila mtu anayefikiria kukizungusha nusu saa mfululizo, akidhani zaidi ni bora, alijue hilo. Na zaidi si bora. Ndani ya dakika tano hadi kumi za kwanza matone yanakuwa yamefikia udogo ambao kichwa hicho kinaweza. Baada ya hapo unaongeza joto na hewa.

Saa ya kupoza

Sehemu hii ndiyo iliyobadilisha bidhaa, na ndiyo ambayo kila mgeni anayetembelea karakana huipita bila kuiangalia, kwa sababu hakuna kinachopiga kelele.

Nta ya kuunganisha pamoja na alkoholi za mafuta zilizomo kwenye fomula haziishii kuvika matone. Zikipoa hujipanga tabaka kwa tabaka ndani ya maji na kuujenga ule uzito wa losheni. Tabaka hizo zinaanza kushika joto linaposhuka chini ya nyuzi 50 hivi, na zinaendelea kukaza kwa siku moja au mbili baada ya kujazwa chupani. Ukiwasha kichwa cha kasi katika kipindi hicho unazikatakata, na losheni inabaki nyepesi, haikazi tena vile ilivyokuwa. Wakati wa drili, mama alikuwa akikoroga kwa nguvu zaidi kila alipoona losheni inaanza kuwa nzito, akidhani inahitaji msaada. Kisha aliongeza nta ili kurudisha uzito. Fomula ilikuwa imeanza kupanda bei kwa ajili ya kufidia mkono wenye bidii.

Utaratibu wa sasa ni huu. Kichwa cha kasi kinafanya kazi wakati mchanganyiko ukiwa juu ya nyuzi 65, kisha kinazimwa na hakiguswi tena. Maji ya moto yanatolewa kwenye kuta, maji ya bomba yanaingizwa, nanga inazunguka polepole ikikwangua ukuta ili ile blanketi isipate nafasi ya kushika. Losheni inashuka hadi nyuzi 40 kabla ya chakula cha mchana. Kihifadhi kinaingia ikiwa chini ya 45, manukato 40.

Kwa siagi ya shea kasi ya kupoza ni muhimu zaidi. Shea inapashwa hadi iyeyuke yote, isibaki hata kipande kisichoonekana, kwa sababu chembe iliyobaki ndiyo mbegu ya nyingine. Kisha maji ya baridi kabisa yanapitishwa kwenye kuta. Julai, maji ya tangi la juu ya paa yanatosha. Februari hayatoshi, na hapo wanatumia barafu ya kununua kwenye ndoo yenye pampu ndogo ya maji. Chembechembe zimekwisha kwenye bidhaa inayotoka karakanani. Kwa katoni za Mombasa, hata hivyo, mashine haina dawa: siagi inayeyuka kwenye buti ya basi, inaganda tena polepole kwenye stoo ya duka, na chembe zinarudi. Kwa mteja yule sasa anatuma losheni peke yake. Siagi atakayopelekewa ni ya fomula nyingine, yenye nta ya nyuki kidogo, na bado inajaribiwa kwa kuwekwa kwenye kabati lenye joto mchana na friji usiku.

Stima ikipotea katikati ya saa ya kupoza, nanga inazungushwa kwa mkono kupitia mhimili wake, polepole. Ikirudi na joto limeshashuka chini ya 50, kichwa cha kasi hakiwashwi eti kulipia muda uliopotea. Hilo limeandikwa kwa kalamu nene ukutani.

Ambayo mashine haikuyagusa

Usafi ulikuwa mgumu zaidi kuliko awali, na hili liwekwe wazi kwa anayetamani mtungi unaong'aa. Sufuria unaiona yote. Mashine ina mahali pa siri: nyuma ya stata, kwenye sili ya mhimili, na hasa kwenye shingo ya valvu ya chini. Shingo hiyo ina nafasi ya kikombe kimoja au viwili, na kilichomo hakikorogwi wala hakipati joto la kutosha. Chupa za kwanza za kila bechi zilikuwa zikijazwa kutoka humo. Sasa lita ya kwanza inatolewa mapema, mchanganyiko ukiwa bado moto, na kumwagwa tena juu. Baada ya kazi, valvu inafunguliwa vipande, stata inang'olewa, vyote vinaoshwa kwa maji moto na sabuni, vinapitishiwa spiriti ya asilimia 70, vinaachwa vikauke. Vikifungwa vikiwa na maji, umefuga bakteria kwa ajili ya bechi ijayo.

Maji ya kutengenezea yenyewe ni suala jingine. Kisima cha jengo kina chumvi nyingi, kama visima vingi vya Nairobi, na madini hayo husumbua baadhi ya viungo vya kuongeza uzito na vya kuunganisha. Hutumia maji yaliyoondolewa madini, ambayo watu hudhani ni safi kwa kila namna. Si hivyo; hayana klorini, na bakteria huyapenda. Yanapashwa hadi nyuzi 75 au zaidi na kushikiliwa hapo dakika ishirini kabla ya kuungana na mafuta, kisha yanapimwa tena na kuongezwa kilichopungua kwa mvuke. Kwa sufuria ya wazi upungufu ulikuwa mkubwa, na huenda ndio uliofanya bechi zisifanane hata fomula ikiwa ileile. Kwa mtungi uliofunikwa ni kidogo mno.

Kihifadhi nacho hakiongezeki nguvu kwa kuchanganywa vizuri. Ikiwa ni benzoeti ya sodiamu, inahitaji pH, yaani kipimo cha asidi, iliyo karibu na 5 au chini. Losheni yake ilikuwa 6.3. Tone kadhaa za asidi ya laktiki zilifanya kazi ambayo mashine isingeifanya. Kipimo cha kimataifa cha vijidudu kwa vipodozi vya watu wazima ni visivyozidi 1,000 kwa gramu, na 100 kwa bidhaa za watoto wa chini ya miaka mitatu. Ndiyo maana nilimshauri aondoe maneno "yafaa kwa watoto" kwenye lebo mpaka maabara iseme. Aliyaondoa, kwa shingo upande.

Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hutolewa kwa bidhaa, na mkaguzi anapokuja Kariobangi hataulizia mizunguko kwa dakika. Ataulizia rekodi. Kila bechi sasa ina karatasi yake: namba, uzito wa kila kiungo, joto la kila hatua na saa yake, pH, na uzito wa mililita 100 za losheni iliyokamilika. Namba hiyo ya mwisho ndiyo kipimo cha hewa cha bei rahisi kuliko vyote. Ikishuka chini ya gramu 95, bechi haijazwi chupani. Inarudi kwenye mtungi, nyuzi 50, pampu iwashwe.

Hali ilivyo sasa

Malalamiko ya kujitenga na ya chupa zisizojaa yamekoma kwenye maduka ya jiji. Nta ya kuunganisha imerudishwa kwenye kiwango cha awali, na hapo ndipo akiba inayoonekana kwa pesa ilipopatikana. Muda wa bechi moja umepungua, ingawa si kwa kiasi alichotarajia. Kuosha kumekula sehemu ya faida hiyo.

Mtungi wa lita 20 hauwezi kutengeneza lita tano. Kichwa hakizami, hewa inaingia, nanga inakwangua ukuta mtupu. Chini ya lita nane hivi mashine haifai kitu. Kwa oda za harusi na za majaribio, blenda ya mkono na jagi la lita mbili vipo pale pale juu ya rafu, na bado vinatoa losheni isiyo na kasoro.

Muuzaji ameshamtumia picha ya mtungi wa lita 50. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa hajamjibu. Alikuwa amemwita fundi wa friji kutoka ghorofa ya chini wapatane bei ya tangi la lita 100 la maji ya baridi, lifungwe kabla ya Januari.